Fundi Anajibu: Pikipiki ya Mjukuu Inawaka Lakini Haizimiki

SWALI: Fundi, asalaam aleikum. Mimi ni mwanajeshi mstaafu, mkazi wa Bombo. Mwezi uliopita nilimnunulia mjukuu wangu wa miaka 10 pikipiki ndogo ya magurudumu manne, yenye injini ya cc 110 na isiyo na pedali ya gia. Ilikuja vipande vipande ndani ya fremu ya chuma iliyozungushiwa boksi, na kijitabu chake hakieleweki. Tuliiunganisha nyumbani kwa msaada wa fundi wa boda boda. Siku ya kwanza kitufe cha kuwashia hakikutoa hata mlio, nasi tukaisukuma mpaka tukalowa jasho bila mafanikio. Fundi akaleta betri ya gari. Stata ikazunguka, lakini injini haikushika. Hapo akakata waya mmoja karibu na sidiai (CDI, kisanduku kidogo kinachotengeneza umeme wa cheche ya plagi), na injini ikawaka mara moja. Sasa ile kamba nyekundu ya kuzimia haifanyi kazi, wala ufunguo hauzimi, hivyo huwa tunafunga mafuta na kusubiri. Isitoshe, injini hufa yenyewe baada ya dakika tano, na usukani unavuta kushoto. Je, mtoto anaweza kuanza kuipanda wakati tukiendelea kutafuta dawa ya kasoro hizi?

JIBU: Aleikum salaam, mzee wangu. Hapana, asiipande. Kasoro mbili za mwisho ulizozitaja ni ndogo na nitazieleza, lakini chombo kisichozimika hakistahili kukaliwa na mtoto hata kwa mzunguko mmoja wa ua, kwa sababu siku kichapuzi kitakapokwama kwa vumbi au kwa waya uliokunjika, mtoto hatakuwa na muda wa kushuka na kutafuta koki ya mafuta chini ya tangi.

Tuanze na waya uliokatwa. Katika nyingi ya pikipiki hizi ndogo, swichi ya kuzimia haikati umeme kama swichi ya taa ya nyumbani inavyofanya. Kazi yake ni kuunganisha waya mmoja wa sidiai na chuma cha fremu, na umeme uliokuwa uende kwenye plagi ukapotelea huko, cheche ikakosekana, injini ikanyamaza. Ufunguo, kitufe chekundu cha kwenye usukani, kamba ya kuzimia na hata kile kisanduku cha rimoti, kama chako kinacho, vyote kwa kawaida huutumia waya huo huo mmoja. Anayeukata huwa amevinyamazisha vyote kwa mpigo, na injini hubaki bila wa kuiambia isimame. Fundi wako hakukosea kuhusu umeme: aliona hakuna cheche, akaondoa kinachozuia cheche. Alipokosea ni kuuacha waya ule umekatwa baada ya kujua hivyo, maana kukata kulikuwa kipimo tu, si tiba.

Nadhani tatizo la siku ile lilikuwa jepesi kuliko mlivyodhani. Kamba nyekundu ina kibanio cha plastiki mwisho wake, nacho lazima kichomekwe kwenye swichi yake ndipo injini ikubali kuwaka. Mara nyingi kibanio hicho huja kimefungwa kwenye mfuko mdogo pamoja na funguo, na watu huutupa mfuko huo au kuuweka kabatini. Uunganishe tena waya uliokatwa, kwa kuusokota vizuri, kuutia risasi ya kulehemu na kuufunika kwa mpira wa kuzuia umeme. Kisha chomeka kibanio, weka kitufe chekundu mahali pa kuwashia, na ujaribu. Ikiwa cheche haipo bado, chomoa swichi moja baada ya nyingine kwenye soketi zake hadi cheche irudi. Ile ambayo kuchomolewa kwake kumerudisha cheche ndiyo mbovu, nawe utainunua mpya na kuirudisha mahali pake. Kagua pia sehemu ambazo nyaya zinapita kwenye shingo ya usukani, kwa kuwa waya uliochubuka na kugusa fremu huzima injini sawasawa na swichi.

Cheche yenyewe hupimwa kwa kufungua plagi, kuirudisha kwenye kofia ya waya wake, kuilaza ikigusa chuma cha injini mbali na tundu ilimotoka, na kubonyeza stata. Unatafuta cheche ya buluu yenye nguvu. Usiifanye kazi hii ukiwa na chupa ya petroli pembeni, jambo ambalo naliona kila wiki.

Ukimya wa kitufe ni habari nyingine kabisa, kwa maana waya wa cheche hauhusiki na stata. Pikipiki nyingi za watoto hazikubali kuzungusha stata mpaka mkono wa breki ubanwe, na zile zenye gia ya mbele na nyuma hutaka pia gia iwe katikati. Kama hayo yalitimizwa, basi betri haikuwa na nguvu, na kule kuzunguka kwa stata mlipoleta betri ya gari kunanielekeza huko. Betri iliyokuja na chupa ya asidi pembeni hujazwa mara moja tu, mahali penye hewa, ukiwa umevaa glavu na miwani. Huachwa itulie angalau nusu saa, kisha huchajiwa polepole kwa mkondo wa takriban sehemu moja ya kumi ya uwezo wake, yaani kama ampia 0.4 kwa betri ya ampia-saa 4. Chaja kubwa ya gereji itaichemsha. Ikiisha kujaa na kupumzika inapaswa kusoma volti 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma chini ya 12 imekwisha, hata kama taa zinawaka. Na mkilazimika tena kuazima betri ya gari, injini ya gari iwe imezimwa.

Kuhusu kuisukuma, msijichoshe tena. Pikipiki isiyo na pedali ya gia hutumia klachi inayoshika kwa nguvu ya mzunguko wa injini yenyewe, hivyo injini isipozunguka klachi haishiki, na magurudumu hayawezi kuizungusha injini hata mkiisukuma kutoka Bombo hadi Wobulenzi.

Injini inayokufa baada ya dakika tano na kuwaka tena ikipumzika inanifanya nishuku kifuniko cha tangi kabla ya kitu kingine chochote. Petroli ikishuka kwenda kwenye kabureta lazima hewa iingie kuchukua nafasi yake, na hewa hiyo hupita kwenye kitundu au kijimpira cha kifuniko. Kikizibwa, kikikunjwa chini ya plastiki au kikiachiwa kizibo cha safari, tangi hujivuta ndani na mafuta hukataa kushuka. Siku injini itakapoanza kusita, fungua kifuniko: ukisikia mvuto wa hewa na injini ikachangamka, umepata mchawi. Kama sivyo, angalia koki imefunguliwa hadi mwisho, kwa sababu nyinyi mmekuwa mkiifunga kila siku, na hakikisha choki, yaani kile kizuizi cha hewa cha kuwashia injini ya baridi, imerudishwa baada ya injini kupata moto.

Usukani unaovuta upande mmoja usiushike kwa spana kabla hujapima matairi. Matairi haya hujazwa upepo mdogo sana, mara nyingi kati ya psi 3 na 7 kama ilivyoandikwa ubavuni mwake, na kipimo cha kituo cha mafuta hakiwezi kuonyesha tofauti ndogo kiasi hicho. Chukua utepe wa mshonaji, zungushia kila tairi katikati ya mgongo wake, na uhakikishe mawili ya mbele yana mzunguko sawa, kisha mawili ya nyuma vivyo hivyo. Matairi ya nyuma yana umuhimu wa pekee, kwa kuwa ekseli yake ni chuma kimoja kisichotofautisha mwendo wa gurudumu la kushoto na la kulia: tairi moja ikiwa ndogo, pikipiki nzima husukumwa upande wake. Hapo ndipo utakapopima umbali kati ya matairi ya mbele, kwa upande wa mbele na kwa upande wa nyuma, kwenye kimo cha kitovu cha gurudumu. Usukani ukiwa umenyooka, vipimo viwili vilingane au cha mbele kipungue kwa milimita chache tu. Marekebisho hufanywa kwenye fito mbili za usukani, kwa kulegeza nati zake za kufungia, kuzungusha fito zenyewe, na kukaza nati tena.

Kwa kuwa mliiunganisha bila kijitabu cha kueleweka, naomba pia ufungue kofia za magurudumu. Nati kubwa ya ekseli ina meno kama taji, na kipini cha kukunja lazima kipite ndani yake na kukunjwa ncha zote mbili. Tundu lisipolingana, kaza nati mbele kidogo, usiirudishe nyuma. Kipini cha zamani kisitumiwe tena, na msumari si kipini. Angalia oili kabla ya kuiwasha tena, maana nyingine husafirishwa zikiwa kavu au na oili ya safari tu. Injini ya aina hii huchukua chini ya lita moja, na iwe oili ya pikipiki ya mipigo minne, kwa sababu baadhi ya oili za magari zina viungo vya kupunguza msuguano vinavyofanya klachi iteleze. Baada ya saa chache za kwanza imwage, kwa kuwa injini mpya huacha unga wa chuma, na siku hiyo hiyo kaza upya kila nati, hasa za usukani.

SWALI: Fundi, naishi Jinja, na mwanangu ana miaka 7. Tangu aone watalii wakipita na pikipiki za magurudumu manne kandokando ya Nile, hanipi usingizi. Baba yake ameahidi kumnunulia ndogo ya cc 110. Je, kuna namna ya kuipunguza mwendo, na anaweza kumpakia dada yake wa miaka 4?

JIBU: Mama, swali la pili nalijibu kwanza: asimpakie. Chombo hiki huongozwa kwa mwili sawa na kwa usukani, kwani ekseli ile ngumu ya nyuma haipendi kona, na mpandaji lazima aegemee ndani ili kisipinduke. Abiria mgongoni humzuia kufanya hivyo.

Mwendo hupunguzwa kwa skrubu ndogo iliyo kwenye kichapuzi cha kidole gumba: ukiikaza kuingia ndani, kichapuzi hakifiki mwisho. Nchini Marekani, viwango vya utengenezaji vinataka pikipiki ya mtoto wa miaka 6 na kuendelea itoke kiwandani ikiwa imebanwa kwenye mwendo wa kilomita 16 kwa saa, na isizidi 24 hata skrubu ikilegezwa. Ya miaka 10 na kuendelea inaruhusiwa kufika 48. Nyingi za cc 110 ni za kundi hili la pili. Chama cha madaktari wa watoto cha nchi hiyo kina msimamo mkali zaidi, kwamba aliye chini ya miaka 16 asipande kabisa. Mimi, kwa umri wa miaka 7, ningemwomba baba asubiri, au atafute ndogo ya betri ya kuchezea uani, na kofia ngumu iwe ya saizi ya mtoto, si ya mwenye boda boda. Barabara ya lami isikanyagwe. Matairi mapana yenye upepo mdogo hushika lami kwa ghafla na kuangusha.

SWALI: Niko Kabale. Pikipiki ya mtoto ilifanya kazi vizuri Kampala, lakini huku haina nguvu na plagi imekuwa nyeusi kama masizi.

JIBU: Umepanda kutoka karibu mita 1,200 hadi karibu mita 2,000, na hewa imekuwa nyepesi wakati kabureta inamimina petroli ile ile. Kwanza toa sponji ya filta ya hewa, ioshe kwa maji ya sabuni, ikaushe kivulini na uipake oili kidogo, kwa sababu vumbi la marramu huleta dalili hizo hizo. Weusi ukirudi, fungua kifuniko cha juu cha kabureta, utoe sindano, na uhamishe klipu yake ngazi moja juu, ili sindano ishuke na kupunguza mafuta. Safisha plagi, iendeshe robo saa, kisha uifungue tena uitazame rangi: ikiwa ya kahawia hafifu, iache hapo. Ukishuka nayo Kampala wakati wa likizo, rudisha klipu ilipokuwa kabla ya kumpa mtoto, maana mafuta yakipungua kupita kiasi injini hupata joto kali.