Nywele zimezidi kunyonyoka baada ya kuanza minoksidili. Niache?

SWALI: Habari daktari. Ninaendesha boda hapa Kondele, Kisumu, na nina miaka 32. Nywele zimerudi nyuma kwenye pembe za paji la uso, na utosini zimekuwa haba. Wiki tano zilizopita nilianza kupaka minoksidili, dawa ya kuotesha nywele, ya asilimia 5 kichwa kizima, hadi kisogoni ambako huota vipele vigumu kila nikinyolewa. Sasa zinanyonyoka kuliko mwanzo. Je, niache? Na helmeti ndiyo inayoniletea kipara?

JIBU: Usiache kupaka utosini na mbele. Kisogoni acha leo. Una matatizo mawili tofauti, na la kisogoni ndilo la haraka, maana vipele hivyo vikiacha makovu, nywele hazioti tena hapo.

Kunyonyoka kunakokutisha kunatarajiwa. Unywele hukua miaka 2 hadi 6, hupumzika kama miezi 3, kisha huanguka mwingine uote pale pale. Minoksidili huzisukuma zile zilizokuwa zimepumzika zitoke mapema, kwa kawaida kati ya wiki ya 2 na ya 8. Okota mmoja kwenye mto uutazame mwangani: ukiona kifundo kidogo cheupe kwenye ncha moja, huo ulikuwa umeshamaliza muda wake. Wengi hutupa chupa wakati huu, wakakosa faida ambayo ingeanza kuonekana mwezi wa 4. Homa kali, hata malaria, nayo huangusha nywele miezi 2 au 3 baadaye, ila huzipunguza kichwa kizima na hurudi zenyewe. Mpangilio unaoueleza wewe ni wa kurithi, kwa baba au kwa mama. Mizizi ya mbele na ya utosini husinyaa kwa homoni iitwayo DHT, inayotokana na testosteroni. Helmeti haileti kipara cha namna hii.

Sasa kipimo, kwani hapa ndipo watu hukosea. Ni ml 1 asubuhi na ml 1 usiku, basi. Chupa ya ml 60 iishe kwa siku 30. Ikikufikisha miezi miwili, unapaka nusu ya dozi. Kuzidisha nako hakuharakishi chochote. Kichwa kiwe kikavu, tenganisha nywele, dondoshea dawa kwenye ngozi yenyewe, sambaza kwa vidole, kisha unawe mikono. Ikauke kabisa kabla ya kuvaa helmeti, na usioshe kichwa kwa saa 4. Dawa hii ilianza kama kidonge cha presha, hivyo ifungie mbali na watoto: mtoto akiinywa, presha yake inaweza kushuka kwa hatari. Ndiyo sababu pia sitaki uipake kwenye vipele. Ngozi iliyochubuka huipitisha kwa wingi hadi kwenye damu. Ukisikia kizunguzungu, moyo kwenda mbio au miguu kuvimba, acha na umwone daktari.

Piga picha leo na nyingine baada ya miezi 6, mahali pamoja na mwanga ule ule. Utosi huitikia vizuri kuliko pembe za mbele. Ukiacha dawa, kilichoota kitapotea ndani ya miezi michache. Mafuta ya nyonyo na maji ya kitunguu hayazuii DHT. Kidonge cha finasteridi cha mg 1 kwa siku huipunguza, lakini isinunuliwe kienyeji: wanaume wachache hupungukiwa hamu ya tendo la ndoa, majibu ya kipimo cha PSA cha tezi dume hushuka karibu nusu, na mjamzito hapaswi kugusa kidonge kilichovunjika.

Turudi kisogoni. Nywele zetu zilizojikunja zikikatwa chini kabisa, kisogo huwashwa na kuvimba kuzunguka mizizi, na uvimbe ukirudiwa kila wiki mbili hugeuka uvimbe mgumu wa kovu. Hapo helmeti ina makosa, kwani ukingo wake husugua mahali hapo hapo, sawa na kola ya jaketi. Mwambie kinyozi atumie namba 2, inayoacha nywele za mm 6, asipitishe wembe wala kuchonga laini nyuma. Nunua mashine yako ukiweza: vipele hutoa damu, na homa ya ini aina ya B huambukizwa kwa vifaa vyenye damu. Usivikamue.

Nenda kliniki ya ngozi mwezi huu. Kukiwa na usaha, wiki hii. Daktari anaweza kukupa krimu kali ya steroidi ya kutuliza uvimbe, vidonge vya antibiotiki viitwavyo doksisaiklini kwa wiki kadhaa, au sindano ndani ya uvimbe uliokuwa mgumu. Ukipewa doksisaiklini, imeze kwa glasi nzima ya maji ukiwa wima na ufunike mikono barabarani, kwa sababu hufanya ngozi iungue upesi juani. Beba ile chupa ya minoksidili, na kisogo kisipakwe kitu siku hiyo.