Corolla yako inaiweza theluji ya Minnesota, ukiivalisha tairi zake

Ukifika Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani, wakati wa kiangazi na kununua Corolla, Camry au Civic iliyotumika, kabla Novemba haijaisha utakuwa umeshatishwa vya kutosha. Utaambiwa gari dogo haliwezi theluji: liuze, chukua mkopo, nunua gari refu linalovuta magurudumu yote manne. Usiukimbilie mkopo huo. Sedani inayovuta kwa magurudumu ya mbele inamudu karibu siku zote za baridi ya miji ya Minneapolis na St. Paul, kwa kuwa barabara kubwa husukumwa theluji na kumwagwa chumvi, na uzito wa injini umekalia magurudumu yale yale yanayovuta. Kinacholiangusha gari hili kwanza ni tairi. Cha pili ni tumbo lake kuwa karibu na ardhi.

Wengi hulipima gari kwa jinsi linavyoondoka. Kwenye theluji, lipime kwa jinsi linavyosimama. Gari linalovuta magurudumu yote manne litakuacha kwenye taa, ni kweli, lakini likifika kwenye taa inayofuata lina breki nne na tairi nne kama lako, tena ni zito zaidi. Chukua mwendo wa maili 30 kwa saa, yaani kilomita 48 hivi. Kwenye lami kavu, tangu breki zishike hadi gari lisimame ni kama mita 13. Kwenye theluji iliyoshindiliwa na magari umbali huo hukaribia mita 45, na kwenye barafu tupu unaweza kupita mita 90. Bado hujahesabu muda wa kuona hatari na kuhamisha mguu. Kwa hiyo pesa yako ya kwanza iende kwenye tairi.

Tairi za kiangazi hukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi. Zile zinazouzwa kama za misimu yote huvumilia kidogo, lakini ikifika nyuzi 20 chini ya sifuri, jambo la kawaida Januari, nazo huwa ngumu kama kandambili iliyolala kwenye friji. Tairi za baridi mpira wake hubaki laini. Inama uitazame moja kwa karibu: kila jino lina vipasuo vyembamba, kana kwamba mtu amepitisha wembe mara kumi. Vipasuo hivyo ndivyo vinavyong'ata theluji. Ubavuni tafuta alama ya mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani yake. Herufi M+S (matope na theluji) peke yake haitoshi, kwa sababu inaeleza mchoro wa tairi tu, si kwamba tairi ilijaribiwa kwenye theluji. Ujerumani, tangu Oktoba 2024, M+S bila alama ya mlima haikubaliki tena kama tairi ya baridi. Na walio Quebec, mkoa wa Kanada, wanabanwa na sheria kuvaa tairi za baridi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi. Minnesota haikulazimishi. Usichukulie kimya cha sheria kuwa ni ruhusa ya kuzembea.

Nunua nne, kamwe usinunue mbili. Ukiweka mbili mbele tu, pua itashika barabara na mkia hautashika; utakapokanyaga breki kwenye kona, nyuma itazunguka kutaka kukutangulia. Kama unanunua zilizotumika, chukua sarafu ya robo dola, ichomeke kwenye mfereji wa tairi kichwa cha Washington kikiwa chini. Ukiona utosi wake, mfereji umebaki chini ya milimita 3.2. Tairi hiyo si kipara kisheria, lakini kwa theluji imekwisha. Tafuta yenye milimita 5 na kuendelea.

Saizi utaikuta kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva. Corolla nyingi za miaka ya karibuni zinavaa 205/55R16. Fundi akikuhakikishia kwamba rimu ya inchi 15 haigusi breki za gari lako, 195/65R15 ina kimo karibu kilekile, ni nyembamba zaidi, na wembamba unasaidia kukata theluji laini hadi kufikia sakafu ngumu. Inafaa kuzifunga kwenye rimu zake za chuma moja kwa moja, ili Novemba na Aprili ubadilishe magurudumu mwenyewe kwa jeki bila kulipia kung'oa na kuvalisha. Nati zikaze kwa kuvuka, upande mmoja kisha wa mkabala, hadi nyutonimita 103 kwa Corolla, na uzikague tena baada ya kilomita 80 hadi 100. Rimu za chuma hujikalia vizuri baada ya kutembea, na nati iliyokuwa imekaza hulegea.

Upepo nao unahitaji jicho. Kila joto linaposhuka nyuzi 5 na nusu hivi za Selsiasi, tairi hupoteza takribani PSI 1. Uliyojaza 33 siku ya nyuzi 20, siku ya nyuzi 20 chini ya sifuri itasoma kama 26, na taa ya njano ya upepo wa tairi inaweza kuwaka ukidhani una pancha. Pima asubuhi kabla gari halijatembea na ujaze kufuata kibandiko cha mlangoni. Usipunguze upepo makusudi kama wafanyavyo madereva wa mchangani Oman. Kwenye barabara za mji, tairi iliyolegea huyumba tu na kuliwa kingo.

Sasa tumbo. Corolla ina nafasi ya sentimita 13 hivi kutoka chini yake hadi barabarani. Theluji mpya ya sentimita 10, kavu na nyepesi, gari litaikanyaga bila shida. Ikifika 15 na zaidi, gari huanza kuisukuma kwa bampa na kuikusanya chini, mpaka tumbo linakaa juu ya theluji na magurudumu yanapoteza uzito. Siku hiyo ngoja malori ya kusukuma yapite. Yakishapita yatakuachia tuta mdomoni mwa njia ya nyumba yako, na tuta hilo ndilo linalovunja vitu. Kwa macho ni theluji. Ukilipiga koleo utasikia mabonge yamegandamana kama matofali. Ukilivamia kwa kasi, ile plastiki ya kukinga injini chini itang'oka na kubaki ikiburuza. Lichote kwa koleo likiwa bado bichi, maana asubuhi litakuwa barafu.

Ukikwama, mguu wako ndio adui wa kwanza. Tairi inayozunguka bure hupasha theluji moto, theluji inakuwa maji, maji yanaganda, na sasa umekalia kioo. Acha gesi, yaani pedali ya mafuta. Shuka, kwanza ondoa theluji kwenye bomba la moshi, kwa kuwa moshi uliozibwa huingia ndani ya gari, na ndani yake mna gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu ya kukuonya na inayoua. Chota theluji mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, kisha ile ya chini ya tumbo. Nyoosha usukani. Bonyeza kitufe chenye picha ya gari linaloserereka ili kuzima kidhibiti cha kuteleza. Ukikiacha, injini itakatwa nguvu kila tairi inapojaribu kuzunguka. Mwaga mchanga, au zile chembechembe kavu zinazouzwa kwa ajili ya choo cha paka, mbele ya magurudumu. Kisha tembeza gari taratibu mbele, liache lirudi, tia rivasi, rudi kidogo, tena mbele, ukihakikisha magurudumu yamesimama kabisa kabla ya kubadili gia. Giaboksi za CVT, zile za mkanda zisizo na gia za hatua, haziupendi mchezo huu. Ukijaribu mara kadhaa bila kusogea, ziache zipoe urudi kwenye koleo. Mtu asisimame nyuma au mbele ya gari wakati huo. Ukitoka, washa tena kile kitufe. Waliowahi kuendesha kwenye udongo wa mfinyanzi wakati wa masika wataitambua kazi hii: gari linatoka kwa mguu mwepesi.

Barabarani, fanya jambo moja kwa wakati. Punguza mwendo ukiwa bado umenyooka, kisha kata kona bila breki wala gesi, kisha ongeza ukishanyooka tena. Mwache aliye mbele yako akutangulie sekunde 6 au zaidi. Akipita nguzo, anza kuhesabu. Breki za ABS, zile zinazozuia magurudumu yasijifunge, zikianza kazi, pedali itatetemeka chini ya unyayo na kunguruma. Wageni wengi hushtuka na kuinua mguu, na hapo ndipo wanapogonga. Endelea kukanyaga kwa nguvu huku ukielekeza usukani penye nafasi.

Pua ikikataa kukata kona, usizidishe kuzungusha usukani. Achia gesi, rudisha usukani kidogo, subiri tairi zishike. Mkia ukitoka, achia gesi, usiguse breki, tazama unakotaka kwenda na elekeza magurudumu huko.

Barafu nyeusi ndiyo inayohitaji macho. Haina weusi wake, ni utando mwembamba unaoonyesha lami iliyo chini. Ikiwa barabara inang'aa kama imelowa lakini magari yaliyo mbele hayarushi maji kwa tairi zao, yale si maji. Madaraja huwahi kuganda, kwa kuwa hewa baridi hupita juu na chini yake. Chumvi nayo ina kikomo: joto likishuka chini ya nyuzi 9 hivi chini ya sifuri, inayeyusha polepole sana, kwa hiyo asubuhi ya jua kali la Januari huweza kuwa na utelezi kuliko jioni ya theluji. Zima kidhibiti mwendo, kile kinachoshika kasi bila mguu wako.

Kabla ya kuondoka, pangusa gari lote, paa likiwemo, la sivyo ukifunga breki paa zima la theluji litakuangukia kwenye kioo cha mbele. Pangusa taa kwa mkono. Taa za LED hazitoi joto la kutosha kuyeyusha theluji inayozikalia. Pangusa pia nembo ya mbele ya Toyota, maana kwa magari mengi ya sasa rada ya breki za dharura imefichwa nyuma yake. Usimwagie kioo maji ya moto, kinaweza kupasuka. Maji ya waipa yawe yale ya kuhimili nyuzi 29 chini ya sifuri au zaidi. Kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri betri hupoteza nusu ya nguvu yake au zaidi huku oili nzito ikiidai nguvu zaidi, kwa hiyo betri ya zamani ipimwe Oktoba. Ndani ya buti weka koleo fupi, waya za kubusti, mchanga, blanketi na glavu. Tangi lisishuke nusu, ili ukikwama njiani uwe na mafuta ya kujipasha joto.

Ukiegesha barabarani Minneapolis, jifunze mapema kanuni za dharura ya theluji, jiji linapotangaza magari yaondolewe ili theluji isukumwe, kwani kuvutwa kwa gari kunauma kuliko bei ya tairi. Siku ya kwanza, kuanzia saa 3 usiku hadi saa 2 asubuhi, usiegeshe upande wowote wa njia zilizotengwa kwa dharura hiyo. Siku ya pili, saa 2 asubuhi hadi saa 2 usiku, acha upande wa nyumba zenye namba shufwa wa mitaa mingine. Siku ya tatu, saa zilezile, acha upande wa nyumba zenye namba witiri.

Aprili, joto likishazoea kukaa juu ya nyuzi 7, vua tairi za baridi, mpira wao laini huisha haraka kwenye lami ya joto. Kabla ya kuzipanga stoo, andika kwa chaki ndani ya kila rimu ilikokuwa, mbele kushoto, nyuma kulia, ili Novemba ujue za kuhamisha. Siku hiyo hiyo gari likiwa juu ya jeki, elekeza maji kwa nguvu ndani ya matao ya magurudumu na kando ya kizingiti cha milango kuosha chumvi, mpaka yanayotoka yaache kuwa meupe.