Kabla hujalipia jina la mgahawa

Ndugu yangu, umeuliza kama akiba yako ikitosha ada ya kuingilia inatosha kufungua mgahawa wa chakula cha haraka kwa jina la kampuni kubwa. Haitoshi. Ada hiyo mara nyingi ni sehemu ndogo tu; majiko, majokofu, ukarabati na kodi ya pango ndivyo vinavyomaliza fedha.

Kinachonitia hofu zaidi ni mrabaha, yaani malipo ya kuendelea kutumia jina la kampuni, kwa sababu hukatwa kwenye mauzo, si kwenye faida. Subway, kampuni ya migahawa ya sandwichi, kwa mfano, imezoea kutoza 8% ya mauzo, pamoja na 4.5% ya matangazo. Yaani kila ukiuza cha 100, 12.5 zimeondoka kabla hujalipa mshahara wala unga. Mwezi ukiwa wa hasara, unalipa vilevile.

Tenga pia fedha za kujiendeshea miezi sita, tafadhali usilipuuze hili.

Marekani, sheria humtaka mwenye chapa akukabidhi waraka wa maelezo siku 14 kabla ya kusaini, wenye orodha ya waendeshaji wa migahawa ya jina hilo, waliopo na walioondoka. Popote ulipo, omba orodha kama hiyo. Wapigie walioondoka kwanza.