Mhandisi Aliyeitwa "Dada Yetu Mrembo"

SWALI: Mhariri, mimi ni mhandisi wa maji hapa Tanga. Katika hafla ya kukabidhi kisima, mshereheshaji aliwataja wenzangu wanaume kwa vyeo na majina kamili, kisha akasema, "na huyu dada yetu mrembo," ilhali michoro ya mradi niliichora mimi. Mhasibu wetu, mwenye ualbino, aliitwa "mzungu wetu". Watu wakacheka, naye akainamisha uso. Tulipolalamika tuliambiwa kwamba huo ni utani tu. Je, tunyamaze?
— Mhandisi, Tanga

JIBU: Mhandisi, msinyamaze. Kwetu pwani kumwita mtu dada au mama ni heshima, na Bibi Titi Mohamed, aliyeongoza wanawake wa TANU tangu mwaka 1955, hakupunguziwa chochote na neno "Bibi", kwa kuwa jina na kazi yake vilitajwa pamoja nalo. Kwako undugu na uzuri viliwekwa mahali palipostahili cheo, tena mbele ya watu ambao kesho watatafuta mhandisi wa kumpa kazi wala hawatakukumbuka. Hasara hiyo si ya moyo peke yake.

Kuhusu utani, nasema kwa uchungu kwamba neno hilo linatumiwa vibaya. Utani wa jadi, kama ule wa Wazaramo na Wanyamwezi, una kanuni: anayetaniwa ana haki ya kurudisha, na wote wawili husimama sawa. Mhasibu wenu angemrudishia nini mwenye kipaza sauti? Katika nchi ambayo watu wenye ualbino wamewahi kuwindwa na kuuawa kwa sababu ya ushirikina, kumtenga mtu hadharani kwa rangi yake si jambo la kuchekewa. Wananchi wa Lindi Mjini walimchagua Salum Barwany, mwenye ualbino, kuwa mbunge wao mwaka 2010, na tangu hapo cheo chake kilikuwa Mheshimiwa, kama cha mbunge mwingine yeyote.

Kabla ya hafla ijayo, mpeni mshereheshaji majina na vyeo kwa maandishi. Akikosea tena, asahihishwe papo hapo na mmoja wa wale waliotajwa ipasavyo, kwa sababu mwanamke akijitetea mwenyewe huambiwa ana majivuno. Mwaka 1903, mapendekezo ya Tuzo ya Nobel kutoka Ufaransa yaliwataja Henri Becquerel na Pierre Curie tu. Pierre alipopata habari alisisitiza kwamba mkewe Marie, mshirika wake katika utafiti, atambuliwe pamoja naye, na tuzo wakaipata wote watatu. Waulizeni waliokaa kimya siku ile kama wako tayari kufanya vivyo hivyo, na kama ripoti ya mradi haijachapwa, hakikisha jina lako limo kwenye kila mchoro ulioutengeneza.