Maswali na Majibu: Ufito na chambo cha besi katika majira manne ya Kentucky

Swali: Ndugu mtaalamu, nilikulia Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, ambako tulivua kwa mshipi wa mkono. Hapa Lexington, Kentucky, nimeanza kuvua besi (bass, samaki wa maji yasiyo na chumvi anayewinda samaki wadogo) nikiwa ukingoni, katika bwawa la Jacobson Park na mara nyingine Ziwa Taylorsville. Nina ufito mmoja wa futi 6 na nusu, wa nguvu ya kati, na rili yake (kifaa cha kukunjia mshipi) ni ya aina ile inayoning'inia chini ya ufito. Mwezi wa Mei nilipata samaki wengi kwa mnyoo wa plastiki, lakini tangu Julai, kwa mnyoo uleule na mahali palepale, sipati kitu. Dukani nilionyeshwa vyambo vya kila rangi na fito za bei kubwa. Je, kosa liko kwenye ufito, kwenye chambo, au ni majira? Na nahitaji fito ngapi?

Jibu: Ni majira, ndugu yangu, na ufito wako hauna kosa. Besi uliowapata Mei walikuwa katika maji ya futi tatu au nne kwa sababu ya kuzaa na kulinda viota. Ilipofika Julai wengi wao walikuwa wameshauacha ukingo kwa sehemu kubwa ya mchana, nawe ukaendelea kurusha chambo mahali walipokwisha kuondoka. Kwa hiyo, kabla ya kutazama rangi na bei, jiulize mambo mawili: maji yana joto kiasi gani, na besi anakula nini kwa wakati huo. Ukiyajua hayo utajua chambo, na chambo kikishajulikana, ndoano yake ndiyo itakayokuambia ushike ufito gani.

Chakula chake kikuu katika maziwa ya Kentucky ni cha aina mbili. Cha kwanza ni shadi, samaki mdogo wa rangi ya fedha anayetembea kwa makundi, ambaye kwa ukoo ni jamaa wa ndagala mliokuwa mkiwavua kwa taa. Uliona jinsi mukeke anavyoliandama kundi la ndagala popote liendapo, na besi huwaandama shadi vivyo hivyo. Chakula cha pili ni kamba wa maji yasiyo na chumvi, anayeishi chini ya mawe na kutambaa juu ya sakafu ya ziwa. Karibu kila chambo utakachokiona dukani, hata kiwe na umbo la ajabu namna gani, kimetengenezwa kuiga kimojawapo cha viumbe hao, au kumkasirisha samaki hata akiume bila kuwa na njaa.

Nianze na fito, kwa kuwa jambo hili likieleweka mengine huwa mepesi. Ufito hupimwa kwa sifa mbili ambazo wauzaji wengi huzichanganya: nguvu, yaani uzito unaohitajika kuupinda, na mpindo, yaani mahali unapopindia. Ufito wa mpindo wa haraka hupinda karibu na ncha tu, na ule wa mpindo wa wastani hupinda hadi katikati. Kanuni ninayoifuata ni hii: chambo chenye ndoano moja nene kinataka ufito mgumu wa mpindo wa haraka, na chambo chenye ndoano za ncha tatu kinataka ufito laini wa mpindo wa wastani. Mnyoo wa plastiki na jigi (ndoano yenye kichwa kizito cha chuma) vina ndoano moja, tena katika mnyoo ncha yake hufichwa ndani ya plastiki ili isinase kwenye magugu, na kuipitisha katika plastiki na kisha katika mfupa wa taya, samaki akiwa mbali na kilindini, kunahitaji nguvu ya ghafla. Ndoano za ncha tatu ni nyembamba na kali, hushika zenyewe pale samaki anapogeuka, na ukizivuta kwa ufito mgumu hupasua nyama ya mdomo na samaki huenda zake. Watu wengi wanaolalamika kwamba besi huwaponyoka karibu na ukingo wanavua vyambo vya ncha tatu kwa ufito uliofaa jigi.

Ufito wako wa nguvu ya kati una kazi nyingi: minyoo midogo isiyo na chubwi, vyambo vyepesi vya robo aunsi kurudi chini, na uvuvi wote wa maji baridi sana. Ufunge mshipi wa kusuka unaohimili ratili 10, kisha uunganishe mbele yake futi sita au nane za florokaboni (uzi mwangavu wa plastiki) ya ratili 8, kwa sababu mshipi wa kusuka haunyumbuki na huonekana majini, ilhali florokaboni ni vigumu kuonekana. Ufito wa pili ninaokushauri ni wa futi 7, wa nguvu ya kati-nzito na mpindo wa haraka, wenye rili ya kukaa juu na florokaboni ya ratili 15. Rili ya namna hiyo ina asili karibu na unapoishi sasa: ni George Snyder, fundi saa wa mji wa Paris katika Kentucky hiyohiyo, ambaye mwanzoni mwa karne ya 19 alitengeneza rili yenye magurudumu ya meno, inayozungusha kibiringo cha mshipi mara kadhaa kwa mzunguko mmoja wa mkono. Ukizoea kukizuia kibiringo kwa kidole gumba chambo kinapoelekea kugusa maji, utaweza kukitua karibu na kisiki unachokitaka. Ufito wa tatu, laini, wa vyambo vya ncha tatu, unaweza kusubiri. Na utakapoununua, ule wa faibaglasi wa bei nafuu mara nyingi huifanya kazi hiyo vizuri kuliko wa grafiti wa bei kubwa, kwa sababu faibaglasi hupinda polepole.

Sasa majira. Mwishoni mwa Februari na mwezi wa Machi maji huwa kati ya nyuzi 45 na 55 za Farenihaiti, yaani takriban 7 hadi 13 za Selsiasi, na besi huanza kuondoka vilindini kuelekea kwenye hori za kuzalia. Tafuta kingo za upande wa kaskazini wa hori, zinazopigwa na jua la kusini mchana kutwa, hasa penye mawe, kwa kuwa mawe hushika joto. Hapa jekibeti hufanya kazi kubwa. Ni chambo chembamba chenye umbo la shadi, ambacho hukivuti mfululizo bali unakigutusha mara mbili kisha unakiacha kimya, na maji yakiwa baridi zaidi kimya hicho kiwe kirefu zaidi, hata sekunde 10. Samaki huuma wakati chambo kimetulia, na wanaoanza wengi hushindwa kwa kukosa subira ya sekunde hizo. Mvua ya Machi ikilichafua ziwa, weka jekibeti kando utumie krankibeti (chambo kigumu chenye ulimi unaokifanya kipige mbizi kinapovutwa) ya rangi nyekundu ya kamba, ukiigongesha kwenye mawe ya chini.

Aprili na Mei, maji yakifikia nyuzi 60 hadi 70 (takriban 16 hadi 21 za Selsiasi), besi huzaa, na hilo umeshaliona mwenyewe. Mnyoo mnene usio na chubwi, ukizama polepole huku ukitikisika, unatosha. Ninachosisitiza ni kwamba dume ndiye anayekilinda kiota, na akiondolewa hata kwa dakika chache samaki wadogo huingia kula mayai. Ukimnasa dume hapo mrudishe mara moja, mahali palepale, usimbebe kwenda kumpiga picha.

Majira ya joto ndiyo yaliyokuleta kwangu, nami nitayaeleza kwa urefu. Kuanzia mwishoni mwa Juni ziwa kama Taylorsville hugawanyika matabaka: juu maji ya moto yenye hewa, chini maji baridi ambayo hewa yake imekwisha, na kati yao mpaka mwembamba ambapo joto hushuka kwa ghafla. Samaki hawezi kukaa chini ya mpaka huo kwa sababu hatapumua, kwa hiyo kuchagua chambo kinachozama hadi futi 30 katika ziwa ambalo mpaka wake uko futi 15 ni kuvua mahali pasipo na kiumbe. Besi wengi hukusanyika juu kidogo ya mpaka, pale ambapo kitu cha sakafuni kinafika kina hicho, kama vile rasi iliyozama, ukingo wa mkondo wa mto wa zamani, au magogo ya miti iliyofunikwa na maji bwawa lilipojengwa. Mwenye mashua huwafikia kwa krankibeti yenye ulimi mrefu, inayopiga mbizi hadi futi 12 au zaidi. Wewe uliye ukingoni chagua mahali ambapo ardhi inateremka ghafla, urushe mnyoo mrefu wa inchi 10 wenye chubwi ya robo tatu ya aunsi, kisha uuburute polepole kufuata mteremko hadi usikie kigongo cha mti. Hapa ndipo ufito wa pili unapohitajika hasa, kwa sababu ule ulio nao utapinda mno kabla ndoano haijaingia.

Zipo pia saa mbili ambazo besi hurudi ukingoni hata Julai. Ya kwanza ni alfajiri, kabla jua halijapiga maji, ambapo chambo cha kuelea kinachorusha maji mbele yake huamsha mshambulio. Subiri mpaka uusikie uzito wa samaki ndipo uvute, kwa maana jicho hushtuka kabla mdomo haujafumba. Ya pili ni usiku. Katika maziwa maangavu ya kusini mwa jimbo, kama Dale Hollow na Cumberland, wavuvi wengi wa Julai na Agosti hutoka giza likishaingia, wakitumia spinabeti (chambo cha waya chenye bamba la chuma linalozunguka) nyeusi yenye bamba moja kubwa, kwa kuwa nyeusi ndiyo inayoonekana vyema samaki anapotazama juu kuelekea anga, na mtetemo wa bamba humwelekeza. Wewe ulizoea uvuvi wa usiku tangu utotoni, kwa hiyo naona utapata faida hapa mapema kuliko wengi, ila uvae jaketi la kujiokolea, na kwanza uhakikishe kwamba eneo unalokwenda linaruhusu watu usiku.

Kuanzia Septemba hadi Novemba makundi ya shadi huingia ndani kabisa ya hori na vijito, nao besi huwafuata. Ukiona maji yanachemka kwa samaki wadogo wanaoruka, huna haja ya kufikiri sana: rusha spinabeti nyeupe au krankibeti fupi isiyozama sana, uvute kwa kasi. Kuna wiki moja au mbili ambapo maji ya juu yakipoa huzama na kuchanganyika na ya chini, ziwa lote huvurugika, na samaki huwa hawaeleweki. Wakati huo vua juu kabisa ya vijito, ambako maji mapya yanaingia.

Desemba hadi katikati ya Februari, ufito wako wa sasa unatosha peke yake. Joto la damu ya samaki ni sawa na la maji, anasaga chakula polepole na hakimbilii kitu, kwa hiyo tumia jigi ndogo ya robo aunsi, iliyoburutwa kwa namna inayokuchosha subira. Kuna wakati shadi hufa kwa baridi maji yanapoteremka chini ya nyuzi 45 hivi, na jekibeti iliyoachwa kimya huiga vizuri shadi anayekata roho.

Kuhusu rangi, naamini umeuziwa wasiwasi mwingi. Maji yakiwa maangavu tumia rangi za asili, kama kijani cha maboga na fedha. Yakiwa na tope, kama Taylorsville baada ya mvua, tumia nyeusi yenye buluu, au nyeupe yenye njano, pamoja na chambo kinachotoa mtetemo. Mnyoo wa rangi mbili na jigi ya rangi mbili vinakutosha mwaka mzima, na fedha iliyobaki nunua kipimajoto cha maji, kwa sababu hicho ndicho kitakachokuambia umefika katika majira yapi, hata kalenda ikisema vingine.

Leseni ya uvuvi ya mwaka ya Kentucky huanza tarehe 1 Machi na kuisha mwisho wa Februari, bila kujali umeinunua lini, kwa hiyo usiinunue Januari kwa kudhani itakufikisha Januari nyingine. Urefu na idadi ya besi unaoruhusiwa kuchukua hutofautiana baina ya ziwa moja na jingine, na Jacobson Park na Taylorsville kila moja pana kanuni zake. Mwongozo wa idara ya samaki na wanyamapori ya jimbo hutolewa kila mwaka, nao una orodha ya kila ziwa. Uusome ukiwa na rula mkononi kabla ya kumweka samaki yeyote ndooni.