Nilianguka na bodaboda, sasa nina uvimbe kwenye titi

SWALI: Shikamoo dokta. Nina miaka 38, niko Morogoro. Mwezi wa 3 nilianguka na bodaboda nikajigonga titi la kulia, likavilia damu kama wiki mbili hivi likapoa. Sasa nikioga nagusa kitu kigumu, hakiumi, ila ngozi ya juu yake imebonyea. Nimepiga ultrasaundi wanasema haieleweki mpaka wachukue kinyama, jirani naye anasema kansa ikichomwa sindano ndo inasambaa mwili mzima. Usingizi sipati.
Mama wawili

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Titi sehemu kubwa ni mafuta, sasa mafuta yakigongwa vibaya yanaweza yakakosa damu yakafa, mwili unayazungushia kovu na hilo kovu ndo linakuwa gumu linavuta ngozi mpaka inabonyea, yaani ukilishika utaapa ni kansa na hata mamogramu (eksirei ya titi) inaweza ikadanganyika. Kumbe halina ubaya, na mara nyingi linapungua lenyewe. Kuna na kauvimbe kengine, nadra kidogo, kanaanzia kwenye seli zinazofunika mishipa ya fahamu, nako kagumu, pembeni hakaeleweki, karibu zote hazina madhara ila kwenye picha zinatuchanganya balaa. (Zile gololi za mabinti wa miaka 20 zinazokimbia ukizibonyeza, fibroadenoma, hizo wala hazitutishi sana.)

Ila usije ukasema aah ni ile ajali tu ukaacha. Wapo waliogongwa na wakakutwa na kansa, siyo kwamba kugongwa kumeileta, maumivu ndo yaliwafanya wajishike wakaikuta.

Kwa hiyo kinyama wachukue. Unapigwa ganzi, sindano inatoa vipande vyembamba kama tambi vinaenda kuangaliwa kwa hadubini, basi. Hiyo habari ya kusambaa naisikia tangu niko chuo na imechelewesha wengi, sindano haiisambazi kansa mwili mzima. Hakikisha ajali na tarehe yake vinaandikwa kwenye fomu, maana anayesoma kipande hajakuona wewe. Kama unameza dawa za kuyeyusha damu waambie mapema. Na usikubali kukatwa titi kabla majibu hayajarudi, yakirudi hakuna kansa lakini picha ilikuwa mbaya, waulize kama hivyo viwili vinakubaliana, visipokubaliana wanachukua tena au wanautoa uvimbe wote wakauangalie.