Salio la SNAP kuwa sifuri: si lazima wamekukatia

Umeuliza kama salio la sifuri tarehe 5 lina maana umeondolewa SNAP, msaada wa chakula wa serikali ya Marekani. Hapana, hilo peke yake si dalili kwamba umeondolewa. SNAP hailipi watu wote siku moja. Majimbo mengi hugawa siku kwa namba ya faili au herufi ya jina, na jirani yako anaweza kupata tarehe 1 wewe ukasubiri hadi katikati ya mwezi. Piga namba iliyo nyuma ya kadi ya EBT, ile inayowekewa pesa za SNAP, usikie kama zimeingia.

Ila kama siku yako ya kawaida imeshapita, tazama barua zako. Mara nyingi ni muda wa kuhakikiwa upya kama bado unastahili umeisha, fomu haikurudishwa au simu ya usaili ililia ukiwa kazini. Nawasaidia wazee wetu Wakongo kujaza hizi fomu, na bahasha huwa iko palepale juu ya friji, haijafunguliwa.

Kama fomu uliirudisha kwa wakati na kilichobaki ni usaili au hati za mshahara, kamilisha ndani ya siku 30 tangu muda ulipoisha, faili hufunguliwa tena bila kuomba upya. Ukichelewesha wewe, utalipwa kuanzia siku uliyokamilisha tu. Ofisi ya SNAP ikichelewesha, dai malipo ya mwezi mzima.